Mota ya induksheni na mota ya brashi: umeme wa kwenye rota unafikaje pale? (uzi mrefu)

Koili ya Shaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Nyuzi nyingi za mota huishia kwenye "badilisha kapasita" au "peleka ikasukwe". Ushauri huo mara nyingine ni sahihi, lakini anayeupokea anabaki hajui kilichotokea ndani. Leo naomba tukae na kanuni yenyewe. Mota mbili zinazotuzunguka kila siku, ya induksheni na ya yunivasali (ile yenye brashi za kaboni), zinatofautiana kwenye jambo moja, na uzuri wake pamoja na magonjwa yake yote yanatoka hapo: umeme wa kwenye rota umefikaje kwenye rota?

Stata ni ile sehemu iliyotulia, imeshikwa na bodi. Rota ndiyo inayozunguka na shafti. Ili shafti izunguke, lazima usumaku wa stata usukumane na usumaku wa rota. Stata haina tatizo, waya unatoka kwenye laini unaingia moja kwa moja kwenye koili zake. Kazi ipo kwenye rota. Inazunguka, kwa hiyo ukiifungia waya wa kawaida utajisokota mpaka ukatike.

Kuna njia kuu mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kutopeleka waya kabisa, ukaiacha sumaku ya stata izalishe umeme ndani ya rota yenyewe. Hiyo ndiyo induksheni: feni ya dari, pampu ya maji, kompresa ya friji, mota nyingi za viwandani. Ya pili ni kuupeleka umeme kwa vipande vya kaboni vinavyosugua kwenye komyuteta, yaani duara la vipande vya shaba vilivyokaa kwenye shafti na kuunganishwa na koili za rota. Hiyo ndiyo yunivasali: drili, grainda, blenda, kifyonza vumbi, cherehani ya umeme.

Naanza na induksheni ya fezi tatu, maana ndiyo safi kuliko zote. Stata ina makundi matatu ya koili yaliyopangwa kuzunguka duara. Fezi tatu hazifiki kileleni kwa pamoja, kila moja inachelewa kwa theluthi ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo mahali penye sumaku kali panahama kutoka koili hii kwenda ile, bila koili yoyote kusogea. Ni kama mashabiki uwanjani wanaosimama na kukaa kwa zamu: wimbi linazunguka uwanja mzima, na hakuna aliyehama kiti.

Sumaku hiyo inayozunguka inapita juu ya rota. Faraday alishaonyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika mbele ya kipitishi huzalisha umeme ndani yake. Umeme huo unazunguka ndani ya rota, unaifanya rota nayo kuwa sumaku, na rota inaburutwa kulifuata lile wimbi. Basi. Hakuna brashi wala waya, na hakuna kinachosuguana isipokuwa beringi.

Anayetoa rota hii kwa mara ya kwanza hutafuta koili na hazioni. Anachoona ni silinda ya mabati membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, yenye mifereji iliyojazwa alumini, na kila mwisho kuna pete nene ya alumini inayoziunganisha fito zote. Juu ya pete kuna vijipezi vya kupuliza hewa. Ukiiweka kwenye mwanga utaona mistari ya fito haikunyooka na shafti, imelala kidogo. Imelazwa makusudi, ili fito isikutane na jino la stata kwa urefu wake wote kwa mpigo mmoja. Inapunguza mngurumo, na inaizuia mota isinate inapotaka kuanza.

Yunivasali nitaifikia. Karibuni kwa maswali kwanza.

Binti wa Physics

Asante sana mkuu, nimeelewa. Swali langu: tumefundishwa kwamba spidi (mizunguko kwa dakika) ni 120 mara hezi gawanya kwa poli, yaani idadi ya ncha za sumaku za stata. Kwa hezi 50 na poli 4 jibu ni 1,500. Lakini kibati cha mota niliyonayo kimeandikwa 1,440. Hizo 60 zimeenda wapi? Ni hasara ya msuguano?

Koili ya Shaba

Hapana dada, si msuguano, na nafurahi umeuliza kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa induksheni.

1,500 ni spidi ya wimbi la sumaku. Sasa jiulize: rota nayo ikifika 1,500 kamili, itaona nini? Itakuwa inakwenda sambamba na wimbi, kwa hiyo kwake sumaku imesimama. Sumaku iliyosimama haizalishi umeme. Umeme ukikosekana, rota si sumaku tena, na hakuna cha kuiburuta. Kwa hiyo rota lazima iwe nyuma ya wimbi ili iwe na umeme wowote. Tofauti hiyo ndiyo mtelezo. Kwa mota yako ni 60 juu ya 1,500, yaani asilimia 4.

Tazama linavyojirekebisha lenyewe. Ukiongeza mzigo, rota inapungua spidi kidogo, wimbi linaipita kwa kasi zaidi, umeme wa rota unaongezeka, na nguvu ya kuzungusha inaongezeka mpaka ilingane na mzigo. Hakuna saketi ya elektroniki iliyoamua hayo. Ukitoa mzigo wote itapanda mpaka karibu sana na 1,500, ila haitagusa.

Hapo pia utaona kwa nini mota inapoanza huvuta mkondo mkubwa. Rota imesimama, wimbi linapita juu yake kwa kasi yake yote, na umeme wa ndani ya rota una hezi 50 nzima. Ikishafika 1,440, umeme wa ndani ya rota una hezi 2 tu. Wakati wa kuanza, mara 5 hadi 7 ya mkondo wa kawaida si ugonjwa, ndivyo ilivyo. Ugonjwa ni ikiendelea kuvuta hivyo.

Mama Swichi

Mkuu shikamoo. Mimi nina feni ya dari. Nikiwasha inanguruma haizunguki. Nikiisukuma kwa ufagio inaanza na inaendelea vizuri. Na ajabu nikiisukuma upande wa pili inazunguka kinyume na haina habari. Ni mbovu au nini?

Koili ya Shaba

Marahaba. Feni yako imekuonyesha kanuni ya fezi moja waziwazi.

Kwenye fezi moja koili kuu inapata wimbi moja tu la umeme. Sumaku yake haizunguki, inapanda na kushuka papo hapo, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Kimahesabu sumaku hiyo ni sawa na mawimbi mawili yanayozunguka kwa pande mbili tofauti, yenye nguvu sawa. Rota iliyosimama inavutwa pande zote mbili kwa kiwango kimoja, kwa hiyo inanguruma mahali pake. Ukiisukuma kidogo, wimbi la upande ulioelekea linalishinda la upande mwingine, na rota inajiendesha. Yenyewe haina upande inaoupendelea, ndiyo maana ikakubali kote kote.

Ili ianze bila ufagio inahitaji koili ya pili iliyokaa pembeni ya ile kuu, na umeme wake upishane kwa muda na ule wa koili kuu. Kapasita ndiyo inayofanya umeme wa koili ya pili utangulie. Hapo mawimbi mawili yanakaribia kufanya kazi ya fezi tatu, na upande wa kuzunguka unajulikana.

Kwa hiyo wa kwanza kushukiwa ni kapasita, wa pili ni koili ya kuanzia iliyokatika. Zima umeme kwenye swichi kuu, itoe chaji kapasita kwa kuipitishia rezista (usiigonganishe waya kwa waya), kisha ipime kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi. Kwenye feni za dari utakuta kitu kama 2.5 kimeandikwa. Ikisoma chini sana ya hapo, imekufa hata kama haijavimba wala kupasuka.

Na tafadhali sana, usiweke kubwa zaidi ukidhani feni itapata nguvu. Kapasita ilichaguliwa ilingane na koili ile. Ukiikuza, koili ya pili inapitisha mkondo kuliko waya wake unavyostahimili, inachemka, na vanishi yake (utando unaozuia waya zisigusane) inaungua polepole. Mikrofaradi ziwe zile zile. Volti zinaweza kuzidi za mwanzo, zisipungue.

Pampu nyingi na kompresa zina kapasita kubwa ya kuanzia tu, na swichi inayojitoa yenyewe mota ikifika karibu robo tatu ya spidi. Ule mlio wa "tk" unaousikia sekunde moja baada ya kuwasha ni swichi hiyo. Isipojitoa, kapasita ya kuanzia hulipuka na koili yake hufuata.

Mzee wa Kontakta

Vijana mnaendelea vizuri. Nichangie upande wa fezi tatu, maana ndiko nilikokaa miaka mingi.

La kwanza ni kupotea kwa fezi. Mota ikiwa inazunguka na mzigo, fyuzi moja ikikatika, haisimami. Inaendelea kwa fezi mbili zilizobaki, na kwa mzigo ule ule mkondo wake unapanda kwa takriban mara 1.7. Mwendeshaji anasikia sauti imebadilika kidogo, anapuuza. Baada ya muda mfupi ni harufu ya vanishi. Ukifungua mota iliyokufa hivyo utaitambua: vichwa vya koili za fezi vimeungua kwa zamu, kundi jeusi, kundi zima, jeusi, zima, kwa mpangilio. Mota iliyokufa kwa kuzidiwa mzigo huungua yote sawasawa. Kabla hujaipeleka kusukwa, tazama mpangilio huo. La sivyo utasuka koili mpya uje uzirudishe kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) ile ile yenye ncha iliyokufa.

La pili ni sta na delta, njia mbili za kufunga koili tatu za mota: kwenye sta ncha moja ya kila koili inakutana na wenzake, kwenye delta koili zinafungwa kama pembetatu. Kibati kikisoma 230/400, maana yake koili moja imesukwa kwa volti 230. Kwenye laini ya 400 hiyo inafungwa sta, hapo kila koili inapata 230 yake. Mtu akiifunga delta, koili ya 230 inapokea 400, na hata siku haitamaliza. Kibati kikisoma 400/690, hiyo kwenye laini ya 400 inafungwa delta, na ndiyo pekee inayofaa starta ya sta-delta. Inaanza kwenye sta, mkondo wa laini ukiwa theluthi moja, kisha inahamia delta. Wengi wanasahau kwamba nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa theluthi. Kwa feni au pampu ya sentrifugali inatosha. Kwa konveya iliyojaa mzigo haitoshi, itakwama kwenye sta na kuchemka hapo.

La tatu, volti ikipungua. Nguvu ya kuzungusha inafuata mraba wa volti. Ukipata asilimia 80 ya volti, una asilimia 64 tu ya nguvu. Mzigo haujui hilo, unadai kile kile. Rota inateleza zaidi, mkondo unapanda, koili zinachemka. Volti ndogo inaua mota ya induksheni iliyobeba mzigo, watu wanadhani ni volti kubwa tu.

Koili ya Shaba

Mzee wangu umenena. Hilo la vichwa vya koili kuungua kwa zamu ningeomba kila fundi kijana alihifadhi.

Sasa yunivasali. Hapa koili za stata na koili za rota zimefungwa kwa mfululizo: mkondo unatoka kwenye laini, unapita koili ya stata, unaingia brashi, komyuteta, koili za rota, brashi ya pili, koili ya pili ya stata, unarudi. Mkondo ni mmoja kote.

Umeme wa AC unageuka mara 100 kwa sekunde kwa hezi 50. Mkondo ukigeuka, sumaku ya stata inageuka na sumaku ya rota inageuka kwa wakati ule ule. Zikigeuka zote mbili, msukumo kati yake unabaki upande ule ule. Ndiyo maana mota hii inakubali AC na DC (umeme usiogeuka, kama wa betri). Na ndiyo maana stata yake nayo imejengwa kwa mabati membamba, kwa sababu chuma kizima kingechemka kwa sumaku inayogeukageuka.

Kazi ya komyuteta ni kuhakikisha kwamba koili inayopokea umeme daima ni ile iliyokaa mahali pazuri pa kusukumwa. Rota inavyozunguka, brashi inaachia kipande hiki cha shaba na kushika kinachofuata, na sumaku ya rota inabaki imeelekea pale pale ingawa rota yenyewe inakimbia.

Angalia matokeo yake. Hakuna wimbi la kufukuza, kwa hiyo hezi 50 haina mamlaka yoyote juu ya spidi. Induksheni ya hezi 50 haivuki 3,000, kwa sababu poli haziwezi kuwa chini ya 2. Yunivasali inakwenda 10,000, 20,000, na za vifyonza vumbi zinaweza kupita 30,000.

Kijana wa Grainda

Mkuu hapo nina swali. Grainda yangu ni ya wati 750, naishika kwa mkono mmoja. Pampu ya wati 750 naibeba kwa mikono miwili na mgongo unalia. Wati ni zile zile, uzito mbona haufanani?

Koili ya Shaba

Kwa sababu wati ni nguvu ya kuzungusha mara spidi. Mota ya wati 750 kwa mizunguko 1,440 inahitaji karibu nyutoni-mita 5 kwenye shafti. Wati zile zile kwa mizunguko 20,000 zinahitaji karibu 0.36. Ukubwa wa chuma na shaba unaamuliwa zaidi na nyutoni-mita kuliko na wati. Grainda inapata wati zake kwa kukimbia, kisha giya inapunguza spidi kabla ya diski.

Gharama yake ni brashi, kelele, joto na maisha mafupi. Yunivasali imetengenezwa kwa kazi ya dakika chache. Pampu inaweza kukesha.

Binti wa Physics

Na kwa nini blenda ikiwa tupu inalia kwa sauti kali hivyo, halafu ukiweka kitu inashuka sana? Pampu haifanyi hivyo.

Koili ya Shaba

Swali zuri. Rota inayozunguka ndani ya sumaku nayo inazalisha volti yake inayopingana na ya laini. Spidi inapanda mpaka volti hiyo ya upinzani ikaribie ya laini. Mzigo ukitolewa, mkondo unapungua. Lakini mkondo huo huo ndio unaotengeneza sumaku ya stata, kwa hiyo sumaku nayo inadhoofika, na rota inalazimika kukimbia zaidi ili izalishe upinzani ule ule. Kwenye mota ndogo, feni yake na msuguano vinaizuia isipite kiasi. Mota kubwa ya mfululizo ikiachwa bila mzigo inaweza kukimbia mpaka koili zikachomoka kwenye rota.

Upande wa pili wa tabia hiyo ni uzuri wake: ukiikandamiza, mkondo unapanda, na kwa kuwa mkondo unakuza sumaku zote mbili kwa pamoja, nguvu ya kuzungusha inapanda kwa kasi kuliko mkondo. Drili inapokaribia kukwama ndipo inaposukuma kwa nguvu zake zote.

Kijana wa Grainda

Cheche je? Yangu inatoa cheche nikichungulia kwenye matundu. Na je, nikigeuza plagi, drili itazunguka kinyume?

Koili ya Shaba

Plagi haibadilishi kitu, AC inageuka yenyewe na mota haijali. Swichi ya kurudisha nyuma kwenye drili inageuza muunganisho wa rota peke yake, stata inabaki ilivyo.

Kuhusu cheche, vicheche vidogo vya bluu chini ya brashi ni vya kawaida. Moto unaozunguka komyuteta nzima kama pete si wa kawaida: ama koili ya rota imekatika au imepiga shoti, ama brashi zimekwisha na springi haizisukumi tena. Toa brashi kwanza, tazama kama zimefika mstari wa mwisho, na kama zinateleza bila kukwama ndani ya kishikio chake. Kisha tazama komyuteta. Rangi ya kahawia iliyotulia, sawa pande zote, ni afya. Usiisugue kwa msasa mpaka ing'ae, ile rangi ni utando unaosaidia brashi iteleze. Ukiona vipande viwili vimeungua vyeusi na vingine ni vizima, shuku koili iliyounganishwa na vipande hivyo. Pima kwa mita kipande kwa kipande jirani kuzunguka duara lote. Vipimo vinapaswa kufanana, na panapotofautiana ndipo penye ugonjwa.

Ukiweka brashi mpya, iache mota ikimbie bila mzigo kwa muda, brashi ijichonge ifuate mviringo wa komyuteta. Brashi inayogusa kwa kona tu inachoma shaba.

Mama Swichi

Mkuu nimepima kama ulivyosema. Kapasita imeandikwa 2.5, mita inasoma 0.9. Asante sana. Swali la mwisho na la udadisi tu: umesema yunivasali inakubali DC. Nikiipa feni yangu DC ya betri itazunguka?

Koili ya Shaba

Umeshampata mgonjwa wako dada, weka 2.5 nyingine.

Feni haitazunguka kwa DC. DC inatengeneza sumaku iliyotulia, hakuna wimbi, na rota haina cha kufuata. Baya zaidi, kwenye AC koili inazuia mkondo kwa sababu ya kugeukageuka kwake. Kwenye DC kinachobaki ni ukinzani wa waya tu, ambao ni mdogo, kwa hiyo DC yenye volti sawa na za laini inaichoma koili. Viwandani DC ya volti ndogo hupitishwa kwa sekunde chache makusudi ili kusimamisha mota ya induksheni haraka: rota inayozunguka inakuta sumaku iliyosimama, inazalisha umeme wa kupingana nayo, na inashikwa.

Yunivasali kwa DC inazunguka, tena kwa volti ile ile mara nyingi inakwenda kasi kidogo kuliko kwenye AC. Ila swichi ya drili ya kubana spidi imetengenezwa kwa AC. Kile kifaa cha ndani kinazimika mkondo unapopita sifuri, na DC haipiti sifuri. Ukishabonyeza, drili itakwenda spidi yote. Na ukiachia, ncha za swichi zitavuta cheche ndefu, kwa hiyo usiijaribu ikiwa imebana kitu.